Mahakama ya Maji ya Valencia: Alhamisi moja, saa sita kamili mchana

Nimekuwa katibu wa kamati ya maji kwa miaka tisa, upande wa juu wa mto wetu. Upande wa chini yupo mzee mmoja ambaye kwa miaka sita kati ya hiyo tisa tulikuwa tukikutana kwenye korido za ofisi tu, kila mmoja kakumbatia bahasha yake ya malalamiko. Namwita Baba, naye huniita mwanangu, hata nyakati zile ambazo hatukuwa tukitazamana usoni. Safari ya mafunzo ya kamati zetu mbili ilipotufikisha Hispania, ndiye niliyesimama naye mbele ya mlango wa kanisa kuu la Valencia, tukingoja kengele ya saa sita. Haya ni maoni yangu kuhusu huduma tuliyokwenda kuiona. Nayaandika kwa ajili ya mtu yeyote mwenye mto mmoja na majirani wengi.

Mahakama ya Maji ya Valencia huamua ugomvi wa wakulima wanaomwagilia kwa maji ya mto Turia. Wajumbe wake ni wanane, mmoja kwa kila mfereji mkuu. Ukingo wa kulia una mifereji ya Quart, Benàger i Faitanar, Mislata, Favara na Rovella. Ukingo wa kushoto una Tormos, Mestalla na Rascanya. Hakuna wakili hata mmoja kati yao. Ni wakulima waliochaguliwa na wenzao wa mfereji uleule, na sharti ni kwamba mjumbe awe na shamba analolilima mwenyewe. Hukaa kila Alhamisi saa sita mchana, nje, kwenye Mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Kiingilio hakuna. Ukifika mapema unapata pa kusimama karibu na uzio, na nakushauri ufike mapema.

Kengele za mnara zilipoanza kugonga, wazee wale wakavuka uwanja kutoka jengo la jirani wanakokutania, wamevaa mavazi meusi mapana ya kikulima. Wakaketi kwenye viti vya mbao na ngozi vilivyopangwa nusu duara ndani ya uzio mdogo wa chuma. Meza hapakuwa, wala mafaili, wala kompyuta. Kando yao akasimama tarishi wa mahakama ameshika kiopoo cha shaba kinachong'aa, cha namna ile ya kuvutia matawi na mbao za malango mferejini. Cheo chake ni alguacil, neno lililotoka katika Kiarabu al-wazir, lilelile lililotupatia sisi waziri. Nililipenda jambo hilo, waziri ambaye alama ya kazi yake ni kiopoo cha kuzibulia mfereji.

Akaomba ruhusa kwa mwenyekiti, kisha akaita kwa Kivalencia, sauti ikagonga ukuta wa kanisa: walioshtakiwa wa mfereji wa Quart! Kimya. Akaita Benàger i Faitanar. Kimya. Akaendelea mfereji kwa mfereji hadi Rovella, na hakuna aliyejitokeza. Mwenyekiti akafunga kikao. Zilikuwa zimepita dakika chache tu.

Watu wakaanza kutawanyika. Mimi pia, nakiri, nilihisi nimesafiri mbali kuja kutazama viti. Baba hakusogea. Alikuwa ameegemea bakora yake, macho kwenye vile viti vitupu.

"Mwanangu," akasema, "sisi tuna mafaili mangapi?"

"Arobaini na moja, Baba."

"Na huyu anaita watu, hawapo."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa huduma ile. Hakuna bonde la mto ambalo watu hawajaribiwi na maji ya jirani, hasa jua likikaza. Jibu la kwa nini Alhamisi ile haikuwa na shauri halipo pale mlangoni. Lipo kwenye mifereji yenyewe, na kwenye kujua kwamba Alhamisi ipo.

Utaratibu ni huu. Mtu akifungua lango nje ya zamu yake, akibomoa kingo za mfereji, akiuchafua, au akiachia maji yakafurika shamba la mwenzake, aliyeumizwa humwendea mlinzi wa mfereji. Mlinzi humwita mshtakiwa aje Alhamisi inayofuata. Asipofika, huitwa tena, na akikaidi hadi mara ya tatu huhukumiwa bila yeye. Siku ya shauri kila mtu hujisemea kwa mdomo wake. Wajumbe huuliza, huenda hata shambani kutazama panapobishaniwa, kisha huamua palepale. Hakuna rufaa. Maneno ya pande mbili hayaandikwi. Kinachobaki ni hukumu kwenye daftari. Anayeshindwa hutozwa faini na gharama kwa mujibu wa kanuni za mfereji wake, na mjumbe wa mfereji huo ndiye anayehakikisha hukumu inatekelezwa.

Yaani muda wa kungoja, ukiwa na dai lako, ni siku saba kwa wingi wake kabla ya kuitwa kwa mara ya kwanza. Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndilo lililonichoma.

Miaka minne iliyopita, usiku, mtu aling'oa ubao wa lango letu la tatu. Niliuona ubao huo alfajiri ukiwa umelala kwenye tope, una alama mpya ya panga pembeni pale ulipobanduliwa. Maji yote ya zamu yetu yalikuwa yamekwenda. Tulipeleka shauri mahakamani, mahakama ya kawaida. Liliahirishwa mara kwa mara: hakimu yupo likizo, shahidi hajafika, ramani haijathibitishwa. Hukumu ilitoka baada ya miezi kumi na minne, nasi tukashinda. Miche iliyokuwa ikingoja yale maji ilikufa wiki ya pili. Tena katika ile miezi kumi na minne, vijana wetu walikwisha kujibu: walikwenda kung'oa mbao za wenzao, na wenzao wakaja na fimbo. Faili moja likazaa mafaili sita. Mmea hauelewi neno kuahirishwa, na mkulima anayeutazama ukinyauka naye hawezi kulielewa kwa muda mrefu.

Jambo la pili ndilo ninaloliona kuwa moyo wa ile mahakama, na wageni wengi hawalioni kwa sababu hufanyika siku yenye kesi tu. Mshtakiwa akiwa wa mfereji fulani, mjumbe wa mfereji huo hashiriki katika kuamua. Zaidi ya hapo, akiwa ni wa ukingo wa kulia wa mto, wanaopendekeza hukumu ni wajumbe wa ukingo wa kushoto. Akiwa wa kushoto, ni wa kulia.

Fikiria hapo. Anayekuhukumu ni mkulima kama wewe. Anajua lango linavyofunguliwa, anajua mtu anavyoweza kusingizia kwamba tawi ndilo lililokwama, anajua tope la leo na tope la juzi. Huwezi kumdanganya. Lakini maji mnayogombea hayapiti shambani kwake, wala hukumu haitamwongezea hata ndoo. Kwetu tulikuwa na mambo mawili tu: hakimu asiyejua mfereji ni nini, au kikao cha wazee ambao kila mmoja wao anakunywa kwenye mtaro unaobishaniwa. Baba alipoelezwa utaratibu huu na mwenyeji wetu alinyamaza, kisha akageuka akanitazama. Nilijua anachofikiri. Katika vikao vyetu vyote, yeye alikuwa mlalamikaji na mjumbe wa kuamua, na mimi vilevile.

Lipo moja lililomkera. Mwenyeji alituambia kuwa mwenyekiti humpa mtu nafasi ya kusema, au humnyamazisha, kwa kumwelekezea mguu badala ya mkono. "Mguu? Kwa mtu mzima?" Baba akauliza. Hakuridhika na maelezo kwamba ni desturi ya zamani na hakuna anayeichukulia kuwa dharau. Mimi niliona maana yake: neno hutolewa na mwenyekiti peke yake, mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna anayepiga kelele juu ya mwenzake. Alama yenyewe kila watu watafute yao.

Kesho yake tulitoka mjini tukatembea mashamba ya Alboraia, yanayonyweshwa na mfereji wa Rascanya. Ukienda Valencia kwa ajili ya jambo hili usiishie pale kanisani. Nenda ukaone kigawa-maji. Mfereji unakuja mmoja, mpana, maji yanatembea polepole rangi ya chai ya maziwa. Katikati umejengwa ukuta wenye ncha, mfano wa omo ya mtumbwi ikielekezwa juu mkondoni. Wenyeji huuita ulimi. Maji yakifika kwenye ncha hiyo yanagawanyika, haya kulia, haya kushoto, na upana wa kila upande ndio haki ya walioko upande huo. Hakuna kufuli, hakuna mita, hakuna mlinzi. Niliinama nikaweka kiganja kwenye ncha, maji yakapita pande zote mbili za mkono wangu. Mtoto wa miaka saba angeweza kusimama hapo akaona kama kuna aliyeibiwa.

Nyuma ya jiwe hilo kuna hesabu ambayo ningependa kila kamati ya maji iijue. Kipimo chao cha kale, fila, si idadi ya lita. Ni sehemu ya mto. Tuseme mfereji wako una haki ya sehemu tatu kati ya kumi. Mto ukileta lita 1,000 kwa sekunde, unapata 300. Mto ukishuka ukaleta 200, unapata 60. Umepungukiwa, lakini umepungukiwa pamoja na wote, na jiwe ndilo linalokuambia hivyo. Kiangazi kikizidi huingia zamu za kunywesha, na zamu nazo zina kanuni zake.

Sasa linganisha na mto Colorado kule Marekani. Mwaka 1922 majimbo saba yalikubaliana kugawana maji kwa kiasi maalumu: ekari-futi milioni 7.5 kwa mwaka kwa bonde la juu, na kiasi hichohicho kwa bonde la chini, takribani mita za ujazo bilioni 9.25 kila upande. Vipimo walivyotegemea vilichukuliwa katika miaka iliyokuwa na mvua kuliko kawaida. Mto wenyewe, kwa wastani, hauna maji hayo. Wamegawana kwenye karatasi kitu ambacho hakipo mtoni, na hadi leo wanavutana juu ya nani apunguze. Sisi nasi hati yetu ya mgao ilikuwa ya lita. Iliandikwa baada ya masika makubwa. Kila kiangazi watu wa chini walikuja na hati mkononi wakidai lita zao, nasi tukawajibu kwamba mto hauna, nao wakaamini tumezificha. Tulikuwa tunaitana wezi kwa sababu ya kosa la hesabu.

Historia ya mahakama hii ni ndefu, nitaigusa tu. Mifereji na taratibu zake zina mizizi katika enzi za Waislamu. Mfalme Jaime I alipoiteka Valencia mwaka 1238 aliacha maji yaendelee kugawanywa kwa desturi iliyokuwepo. Katiba ya Hispania ya 1978 inatambua mahakama za kimila, na sheria ya mahakama ya mwaka 1985 inaitaja hii kwa jina. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009, pamoja na baraza kama hilo la Murcia, mji mwingine wa Hispania. Mwaka huohuo Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata katika fani hiyo. Mifereji ya Valencia ni miongoni mwa mifano aliyoitumia kuonyesha kwamba watu wanaotumia kitu kwa pamoja wanaweza kujiwekea kanuni na kuzisimamia bila kungoja serikali wala kuuza kila kitu kwa mtu mmoja.

Nimesifu, na nimesifu kwa moyo. Lakini mtu asije akadhani amepata dawa ya kila ugomvi wa mto.

Mahakama hii ina nguvu juu ya watu walio ndani ya mifereji ile tu. Hata mfereji wa Moncada, unaochota mto uleule, una utawala wake tofauti. Mabwawa ya Benagéber na Loriguilla huko juu, mgao wa maji ya mji, na mipango ya bonde zima vipo mikononi mwa mamlaka ya bonde la mto Júcar, inayosimamia pia Turia, si kwa wale wazee wanane. Ndiyo maana inafanya kazi vizuri: wanaohukumiana ni watu wa aina moja, wenye kazi moja, waliorithi kanuni moja. Ukiwa na wafugaji wanaohitaji kufikisha mifugo mtoni, wavuvi wanaotaka maji yabaki kwenye mkondo, mji unaokua na kiwanda kinachomwaga uchafu, hakuna kati yao mwenye kiti kwenye ule uzio. Mtu asiye na kiti hubaki kuwa wa mwisho kukumbukwa. Rudi Colorado tena: Mexico ndiko mto unakoishia, lakini mgao wake ulikuja kuwekwa kwenye mkataba wa 1944, miaka 22 baada ya walioko juu kugawana.

Suala la kutokuwa na rufaa nalo nimeligeuza sana kichwani. Kwa ugomvi wa zamu na lango naliunga mkono kabisa. Hukumu ya haraka yenye dosari ndogo inauma, lakini haiui shamba kama kungoja kunavyoliua. Kwa haki yenyewe ya maji, yaani nani ana sehemu na nani hana, nisingethubutu. Hilo liandikwe, lisainiwe, na mtu awe na mahali pengine pa kwenda. Na pale Valencia mji umeimeza ardhi kubwa ya mashamba. Mfereji wa Rovella, uliokuwa ukipita mjini, umebaki na mashamba machache mno. Uwezo wa kuamua kwa haki nani anyweshe Jumatatu hauzuii shamba la Jumanne kujengwa ghorofa.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama inafaa kwenda: inafaa sana, mkienda pande mbili zinazogombana. Upande mmoja ukienda peke yake utarudi na hadithi ya wazee wenye nguo nyeusi. Gharama ya kusikiliza hakuna, ila tafuta mtu anayejua Kivalencia akae karibu nawe, na omba kuonyeshwa mifereji. Pale uwanjani ipo pia chemchemi yenye sanamu ya mto Turia umejinyoosha kama mtu, umezungukwa na sanamu nane za kike, mmoja kwa kila mfereji. Tulikaa hapo na Baba hadi jua lilipohama, tukafanya jambo ambalo hatukulifanya kwa miaka sita. Tulihesabu malango, yake na yangu, kwa vidole.

Tuliporudi hatukununua viti. Tulichagua siku moja ya wiki na mahali pamoja, chini ya mti ulioko mpakani mwa pande zetu mbili. Tulijenga kigawa-maji cha saruji chenye ncha, sehemu tano kwa tano hadi tutakapopima mashamba upya, na hati ya lita tukaiweka kabatini. Tukakubaliana kwamba mshtakiwa wa juu ataamuliwa na wa chini, na wa chini na wa juu. Wafugaji tumewapa viti viwili; bado tunabishana kama vinatosha, nami nadhani havitoshi.

Shauri la kwanza lilikuja wiki ya tatu. Mtu alikuwa ameweka jiwe kwenye mdomo wa kulia wa kigawa-maji, usiku, maji yakaegemea kwetu. Aliyeshtakiwa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, niliyemlea mwenyewe. Nilikuwa na daftari mkononi na kalamu nimeshaifungua. Baba akanitazama, hakusema kitu. Nikalifunga daftari, nikamkabidhi katibu wao, nikainuka nikaenda kukaa kwenye gogo upande wa pili wa barabara.

Kutoka pale sikuweza kusikia neno. Niliona bakora ya Baba ikinyooka kuelekea kwa mpwa wangu, ikakaa hapo muda mrefu, kisha ikageukia kwa mlalamikaji.